Darubini ya Kumkomesha Shemeji

Wengi hununua darubini kwa sababu wanapenda nyota. Nami nazipenda, sikatai. Lakini darubini yangu ya pili, hii iliyopo sasa ndani ya mfuko wa turubai nilioushona mwenyewe, niliinunua kwa ajili ya mtu mmoja tu: shemeji yangu, mdogo wake marehemu mume wangu. Nilitaka aumbuke. Nilitaka aumbuke mbele za watu, maiki ikiwa mkononi na tai ikiwa shingoni, kama alivyoniumbua mimi.

Mimi ni fundi cherehani. Nakaa Unyambwa, pembezoni mwa mji wa Singida, kwenye kiwanja chenye mwamba mkubwa nyuma ya nyumba. Upande mmoja wa mwamba ni bapa, ndipo tunapoanikia alizeti. Upande wa pili umesimama kama ukuta na unazuia upepo, na anayeujua upepo wa Singida wakati wa kiangazi anajua hiyo ni neema. Shemeji yangu kazi yake ni ushereheshaji. Sendofu, harusi, kipaimara, ubatizo, ukiona spika mbili kubwa na mwanamume mfupi kavaa suti inayometameta, ni yeye huyo. Ana mdomo, nyie! Na ana kipaji cha kuiga sauti za watu. Akimwiga mwenyekiti wa mtaa, ukifumba macho unaweza ukasimama umsalimie.

Darubini ya kwanza aliichagua yeye. Hilo naomba lieleweke mapema, maana kwenye harusi huwa analiruka.

Mume wangu alikuwa anaumwa kifua. Alifanya kazi miaka mingi kwenye mashine ya kukamua alizeti, na vumbi la makapi lilimkaa humo humo. Akilala chali anakohoa, kwa hiyo jioni tulikuwa tunakaa nje, yeye kaegemea mwamba, mimi nashonea vifungo nguo za watu. Nilikuwa namsimulia jinsi nilipokuwa msichana kule Ikungi, tukilinda mtama usiliwe na ndege alfajiri, baba yangu akinionyesha nyota za Kilimia na kuniambia kikionekana hapo basi majembe yanolewe. Mume wangu alikuwa mtu wa redio. Akaniambia amesikia kuna nyota ina pete, inaitwa Zohali. "Hivi kweli ipo, au wanatudanganya tu kwa kuwa hatuwezi kwenda kuangalia?" Nikamwambia nitamwonyesha. Nilisema hivyo hivyo, kwa mdomo, kama unavyomwambia mgonjwa kwamba kesho utamchemshia supu.

Basi shemeji akawa anakwenda Dar kununua spika. Nikampa hela, nikamwambia aniletee darubini nzuri, aulizie kwanza kwa wanaojua. Akarudi na boksi limechorwa sayari za rangi zote, na maandishi makubwa ubavuni: inakuza mara mia sita. "Shemeji," akasema, "mara mia sita! Na hii utamwona hadi Mungu." Nikafurahi kama mtoto. Ilikuwa na bomba jembamba la plastiki na miguu mitatu myembamba zaidi, unaigusa inayumba kama ndama wa leo.

Yeye ndiye aliyeita watu. Mimi nilitaka tuwe wawili tu, mimi na mgonjwa wangu. Lakini shemeji akapita nyumba hadi nyumba akitangaza, na jioni hiyo uwanja ukajaa majirani, wifi zangu, na wengine hata siwajui. Mwezi ulikuwa haujatoka. Upepo ukaja kama kawaida yake. Nikaielekeza ile darubini kwenye Zohali, nikashikilia miguu yake kwa mikono miwili, lakini wapi! Aliyeweka jicho aliona giza. Mwenye bahati aliona kitu cheupe kinarukaruka kama bisi kwenye sufuria, kisha giza. Watu wakaanza kucheka chini chini. Mmoja akauliza kama imewekwa betri.

Mume wangu alikuwa wa mwisho. Akaja kajifunika shuka, akainama, akaweka jicho pale. Alikaa muda mrefu. Mimi nilikuwa nimeshikilia miguu ya darubini chini pale, naangalia kandambili zake, na nilijua kabisa haoni kitu, maana bomba lilikuwa limeshateleza na kuangalia paa la jirani.

"Nimeiona," akasema. Sauti yake wakati huo ilishakuwa ya kukwaruza. "Mama, nimeiona kabisa. Na pete yake."

Shemeji akamsogeza kando, akachungulia. "Kaka! Umeona nini humu? Giza tupu!" Watu wakaangua kicheko. Mume wangu naye akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamwingiza ndani. Alifariki kabla mvua hazijaanza.

Sasa sikiliza alichonifanyia huyo mtu. Msiba haujapoa vizuri, nikaalikwa harusi mjini, bibi harusi nilimshonea mimi. Shemeji ndiye anaendesha sherehe. Chakula kimechelewa, watu wameanza kusinzia, akachukua maiki akaanza: "Jamani, mimi nina shemeji yangu fundi cherehani, aliita mtaa mzima kuangalia nyota yenye pete..." Akaeleza yote. Betri akaieleza. Paa la jirani akalieleza. Aliyenunua hakumtaja! Halafu mwishoni akakohoa, akajikunja kama amejifunika shuka, akasema: "Nimeiona. Mama, nimeiona kabisa. Na pete yake." Sauti ile ile. Ukumbi ulilipuka. Wanawake waliokuwa wamekuja kunisaidia kuosha vyombo msibani walikuwa wanafuta machozi kwa kucheka. Mimi nilikaa na sahani mapajani.

Tangu hapo haikupita sherehe asiitumie. Ikawa ndiyo karata yake. Sokoni watu wakaanza kuniita Mama Pete. Wateja wanakuja kupimwa suruali, wananiuliza, "Fundi, nyota zinasemaje?"

Na huwezi kukasirika. Hapo ndipo penyewe. Kwetu mtu na shemeji yake ni watani, anaweza kukuambia lolote mbele ya yeyote, ukinuna wewe ndiye unayeonekana mtu wa ajabu. Nilikwenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti, nikamweleza kwamba mwanawe mmoja anamchezea mwenzake aliye kaburini. Mama mkwe akaniambia kwa Kinyaturu kwamba shemeji hashitakiwi. Kama ananitania, nami nimtanie. Akageuka akaendelea kupepeta uwele wake. Nilitoka pale nikiwa nimekasirika, lakini njiani nikaona kumbe nimepewa ruhusa.

Watu walinishangaa kwa nini niliendelea kuhudhuria sherehe zake. Nilihudhuria zote. Kama sikualikwa, nilijipeleka kwa kisingizio cha kumrekebishia bibi harusi nguo. Nilikaa jirani na spika kabisa, mahali ambapo wengine wanapakimbia kwa makelele, nasubiri ile sehemu ifike. Nilijiambia naenda kuongeza hasira, zisije zikapoa. Akishasema yale maneno ya mwisho naondoka, hata pilau sijamaliza.

Ndipo binti yangu akaposwa. Kijana wa watu, Mnyiramba wa Kinyangiri, familia ya wakulima na wafugaji wenye heshima zao. Sendofu, ile sherehe ya kumuaga bibi harusi, ingefanyika nyumbani kwetu, na mshereheshaji, unadhani nani? Baba mdogo wa bibi harusi, tena bure. Kumkataa haiwezekani, ukoo ungenila nyama. Na nilijua kama ninavyojua jina langu: mbele ya wakwe zangu wapya, watu ambao ndiyo kwanza wanaingia uani kwangu, atasimama pale atamwiga mume wangu. Hao wakwe hawakumjua akiwa hai. Wangemjua hivyo, mzee wa kukohoa aliyedanganya kwamba ameona. Nikasema thubutu. Safari hii atakoma.

Nikaanza kutafuta darubini.

Safari hii sikumtuma mtu. Nilitafuta mwenyewe kwenye simu, mchana nikiwa kwenye cherehani, jioni nikiwa nasubiri maharage. Nilisoma hadi macho yakaniuma. Na kitu cha kwanza nilichojifunza kilinitia hasira upya: ile mara mia sita ilikuwa takataka. Kukuza siyo hoja. Hata kitambaa kibovu unaweza kukivuta kikawa kirefu, lakini kitaonekana nyuzi. Hoja ni upana wa kile kinachokusanya mwanga. Kuna darubini za lenzi, zile ndefu nyembamba, na kuna darubini za kioo, ambazo mdomo wa bomba uko wazi na kioo kilichobonyea kimekaa chini kabisa, kinapokea mwanga na kuurudisha juu kwenye kioo kingine kidogo, nacho kinautoa ubavuni, hapo unapoweka jicho. Kwa hela ile ile, ya kioo inakupa upana mkubwa zaidi. Nikaamua ya kioo.

Sasa upana gani? Nilichukua makaratasi magumu ya kukatia ramani za nguo, nikakata duara la inchi tatu, la inchi tano, la inchi sita na la inchi nane, nikayapanga kwenye meza. Ile ya kwanza ilikuwa inchi tatu, karibu sawa na kifuniko cha kopo. Duara la inchi sita linakula kitambaa mara nne ya la inchi tatu, hilo fundi yeyote analijua kwa mkasi wake. Mvua ikinyesha hatuwezi kuweka kikombe chini ya paa, tunaweka beseni. La inchi nane lilinivutia, roho yangu ilitaka kubwa, nimpige nalo kabisa. Lakini nikasoma bomba lake linafika kifuani na uzito wake ni wa gunia dogo. Nani atanibebea? Yeye? Nikachagua inchi sita.

Kisha miguu. Hapo sikutaka hata kusikia habari ya miguu mitatu, nimeshaishika nikiwa nimepiga magoti, yatosha. Kuna aina inayokaa juu ya kibao kizito cha mviringo, fupi, imetulia kama kinu, unaisukuma kwa mkono kushoto kulia, juu chini, basi. Inahitaji meza imara tu. Meza mimi ninayo, iliwekwa na Mungu nyuma ya nyumba, na ukuta wa kuzuia upepo ukiwa kando yake.

Wauzaji walinijua. Mmoja wa Dar nilimwuliza kioo kina upana gani, akanijibu inakuza mara ngapi. Nikamwuliza tena, akanitumia picha ya sayari za rangi. Nikamfungia kwenye simu asinipate tena. Wa Arusha alijibu vizuri: upana, umbo la kioo kilivyochongwa, kibao kizito kiasi gani, na akaniambia nisije nikafuta kioo kwa kanga hata nikikiona kina vumbi, maana utando wake ni mwepesi kuliko hata rangi ya kucha. Huyo nikamlipa kwa hela nilizopata kwa kushona sare za shule. Mzigo ukaja kwa basi.

Binti yangu alinikuta naufungua. Alikuwa anahangaika na zile picha za kuonyesha kwenye sendofu, akitafuta za baba yake. Zilikuwa chache, na video hata moja hatukuwa nayo, simu zetu wakati ule zilikuwa za tochi. "Kwenye zote baba kafunga mdomo," akalalamika. Kisha akaliona bomba. "Mama! Tena? Kwenye sendofu yangu?" Nikamwambia asiogope. "Achana naye baba mdogo, mama. Ni utani tu." Nikamwambia ndiyo, ni utani, na mimi mbona nacheka?

Mama mkwe alikuja kuitazama. Akachungulia kwenye mdomo wa bomba, kama wanavyofanya wote mara ya kwanza, akaliona jicho lake mwenyewe chini kwenye kioo, kubwa kama sahani. "Hee!" akaruka nyuma. Nikamwonyesha kwamba jicho linawekwa ubavuni. Akacheka hadi akakaa chini. Nikamwomba asimwambie mtu yeyote, akaniangalia, akaelewa. Yule bibi ana siri kuliko kaburi.

Nilijifunza kila jioni. Barabara ilikuwa imevitikisa vioo, nikavinyoosha kwa skrubu zake mpaka nyota ikawa nukta. Nikajua kwamba ikitoka ndani ikiwa bado ya moto haifai, itolewe mapema, wakati wa adhana ya magharibi, kioo kipoe. Na jioni ya kwanza Zohali ilipoingia humo ndani, imetulia, ndogo, na pete yake imeizunguka bila kuigusa, niliachia tusi moja ambalo sitaliandika. Kumbe ipo! Kumbe hawakutudanganya! Niligeuka nimpate mtu wa kumwambia, mwamba ulikuwa mtupu. Hasira zikanirudia zote. Nikaingia ndani, nikachukua kipande cha kitambaa cheusi na mpira wa kiunoni, nikaishonea darubini kofia. Kofia nyepesi, nyeusi, ya kuvisha mdomo wa bomba kwa mkono mmoja. Gizani huioni.

Sendofu ikafika. Wakwe wakaingia kwa shangwe, wakapokewa, shikamoo na marahaba zikaenda, wakakaa mbele. Shemeji alikuwa kwenye ubora wake, suti ya rangi ya zambarau, tai nyekundu. Watu wakala, bibi harusi akalishana keki nami na wakwe zake, na mara nikaona shemeji amejipinda mabega. Nikajua ile sehemu imefika. "Wakwe zetu wa Kinyangiri," akasema, "mmekuja kuoa kwenye nyumba yenye mambo! Huyu mama mkwe wenu mnayemwona..."

Nikasimama. Nikamwendea mbele pale huku nacheza kidogo, watu wakapiga vigelegele, nikamshika mkono wenye maiki nikasema humo humo: "Shemeji, usimalizie maneno. Darubini ipo nyuma ya nyumba. Wakwe wakaone wenyewe."

Watu wakalipuka. Yeye macho yalimtoka kwa furaha, alidhani Mungu kamshushia mana. Alikuja na maiki yake isiyo na waya, anatangaza njia nzima, "Jamani beba betri! Beba na tochi!" Tukafika mwambani, taa za uwanjani nikazizimisha, Zohali ilikuwa imepanda vizuri upande wa mashariki.

Baba mkwe wa binti yangu akawa wa kwanza. Mzee mrefu, mpole, ana ng'ombe na heshima. Nikamwonyesha pa kuweka jicho. Akainama. Akasema kwa sauti ya chini kitu cha Kinyiramba, akamvuta mkewe kwa mkono bila hata kuondoa jicho. Mkewe akachungulia akapiga yowe. "Ina pete! Jamani ina pete kweli!" Basi foleni ikajipanga yenyewe. Kila anayetoka anamwita mwenzake. Mama mkwe wangu mwenyewe alipiga makofi mara mbili, akaondoka bila neno. Na mimi kila baada ya mtu naisukuma kidogo kuifuata, maana nyota haikai.

Shemeji mzaha ulianza kumwishia. Nilikuwa namsikia. Kwanza alitangaza, kisha akauliza kweli jamani, kisha akanyamaza, akawa anasogea tu. Mshereheshaji akikaa kimya watu wanasikia kimya chake. Wakaanza kumsukuma, "Na MC aone! MC aone!"

"Subiri niiweke sawa," nikasema. Nikaisukuma kidogo kwa mkono wa kushoto. Kwa mkono wa kulia nikaivisha kofia.

Akainama, maiki iko karibu na mdomo wake. Nilikuwa nimelipiga hesabu hili kwa muda mrefu. Watu wote wameona, wakwe wameona, bibi kizee wa macho mabovu ameona. Yeye peke yake anaona giza. Mtu mwenye maiki atasemaje kwamba yeye ndiye haoni? Nilijua atakufa na tai yake shingoni.

Alikaa muda mrefu. Niliangalia viatu vyake vya kung'aa.

"Nimeiona," akasema.

Hakuwa anaigiza. Hakukohoa, hakujikunja. Ilimtoka tu, taratibu, kwenye spika zote mbili, na ilikuwa sauti ya mume wangu alipokuwa mzima. Nilikuwa nimeisahau hiyo. Lakini nilikuwa nimesubiri miaka, na mdomo ulishafunguka wenyewe.

"Pete iko upande gani, shemeji?"

"Upande... imezunguka! Pande zote! Jamani inang'aa hiyo!"

"Rangi gani?"

"Dhahabu! Dhahabu tupu, wakwe zangu!"

Nikamtoa maiki mkononi kwa adabu zote. "Baba," nikamwambia yule mzee wa Kinyangiri, "shikamoo tena. Naomba unisaidie kuivua darubini kofia."

Mzee akapapasa mdomo wa bomba, akaikuta, akaivua, akainua juu kile kitambaa mtu akimulika kwa simu. Ilipita pumzi moja watu hawajaelewa. Halafu nyie, sijawahi kusikia kicheko kama kile. Kuna wifi yangu alianguka kwenye alizeti. Shemeji alisimama pale mikono mitupu, jasho linamtoka, anajaribu kucheka na yeye na uso unakataa. "Ni utani, shemeji," nikamwambia kwenye maiki. "Na aliyenunua ile ya kwanza ya mara mia sita ni wewe." Nikamrudishia maiki yake. Sherehe iliyobaki aliiendesha kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani.

Nililala usingizi mtamu siku hiyo. Sitaki kudanganya. Kwa wiki nzima nilishona huku naimba. Mjini wakaanza kumwita Bwana Kofia, na wateja wakija kupimwa suruali walinipa mkono. Binti yangu akaolewa, wakwe zake wakawa wanaileta habari ya Zohali kila wanaponipigia simu.

Miezi ikapita, nikaalikwa harusi Mkiwa, pale njia panda. Shemeji ndiye mwendeshaji. Nikakaa jirani na spika, kama nilivyozoea. Chakula kikachelewa, watu wakaanza kusinzia, nikanyoosha shingo. Akachukua maiki, akasimulia habari ya mtu na punda wake. Watu wakacheka kiasi. Pilau ikaja. Nikala yote, nikamaliza, nikafuta vidole, akawa bado anazungumzia punda.

Nikamfuata wakati anakunja nyaya zake. Akaniamkia vizuri, kwa adabu, kama mtu anayempita mbwa aliyewahi kumng'ata.

"Shemeji, leo hukunisema."

"Nimekukoma, shemeji. Nimekoma kabisa."

"Sema basi mara moja tu. Hapa hapa, bila maiki."

"Niseme nini?"

"Yale ya kaka yako."

Aliniangalia, akaangalia nyuma yangu, akaangalia mikono yangu kama nimeficha kitu. Nilimwona anatafuta mtego uko wapi. "Wee!" akasema, akacheka kidogo. "Thubutu! Hayo maneno siyasemi tena mpaka naingia kaburini. Umeshinda, shemeji, umeshinda, niache." Akabeba spika lake begani akaondoka.

Jioni ya kesho yake niliitoa darubini wakati wa adhana, ikapoa. Zohali ilikuwa pale, imetulia, na pete yake. Niliiangalia hadi shingo ikauma. Kisha nikakaa chini upande ule wa mwamba aliokuwa anaegemea mume wangu, nikajaribu kuyasema yale maneno mwenyewe, taratibu, kwa kukwaruza koo. Nikarudia tena na tena. Kila mara ilitoka sauti yangu.